Kabla ya kumlaumu aliyempeleka mbwa au paka wake kituoni, tuzitazame sababu zilizomfikisha huko

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Akitajwa mtu aliyempeleka mbwa au paka wake kwenye kituo cha kutunza wanyama na kurudi nyumbani mikono mitupu, hukumu hutolewa palepale: hana huruma, hakumpenda, alimchukua kwa kujionyesha. Ninaishi Ohio, Marekani, na kwa muda sasa ninajitolea kwenye meza ya mapokezi ya kituo kimoja cha aina hiyo. Naleta uzi huu kwa sababu hukumu hiyo hailingani na ninayoyaona mezani, wala na yale ambayo watafiti wamekuwa wakiyakusanya tangu miaka ya 1990. Walio wengi hufika kwetu wakiwa wameshapambana kwa muda mrefu, na kilichowashinda ni nyumba, fedha, au kukosa mtu wa kuwashauri mapema. Tukiendelea kuamini kwamba tatizo ni roho mbaya za watu, tutaendelea kuwasema vibaya, na wanyama wataendelea kuletwa.

Kwa ambao hawajaviona vituo hivi, nieleze kwa ufupi. Kimojawapo cha vile vya zamani kilianzishwa London mwaka 1860 na mama aitwaye Mary Tealby kwa ajili ya mbwa waliopotea, nacho kipo hadi leo katika eneo la Battersea. Huku Marekani vingine huendeshwa na serikali za wilaya na miji, vingine na jumuiya za hiari, na hakuna ofisi moja inayovisimamia vyote. Jumuiya ya ASPCA, inayopinga ukatili kwa wanyama na iliyoanzishwa New York mwaka 1866, ilikadiria kwamba mwaka 2019 mbwa na paka wapatao milioni 6.3 waliingia katika vituo vya nchi nzima na kwamba wapatao 920,000 waliuawa kwa sindano. Makadirio yake ya mwaka 2011 yalikuwa milioni 7.2 walioingia na milioni 2.6 waliouawa. Nafuu ni kubwa, lakini bado hakuna anayeweza kumwahidi mwenye mbwa mzee au mbwa aliyewahi kuuma kwamba mnyama wake atapata kwao kupya.

Sasa tuje kwenye sababu. Katikati ya miaka ya 1990 baraza moja la kitaifa lililoundwa kuchunguza wingi wa wanyama wa nyumbani lilipeleka wahoji katika vituo 12 vya Marekani ili wawaulize waliokuja kukabidhi wanyama wao. Matokeo yaliyochapishwa na Salman na wenzake mwaka 1998 yalikuwa na orodha ya sababu 71. Kwa mbwa, zilizotangulia zilikuwa kuhama, mwenye nyumba kukataa wanyama, wanyama kuzidi nyumbani, gharama za matunzo, na matatizo binafsi ya mwenye mbwa. Kwa paka, zilizotangulia zilikuwa wingi wa paka nyumbani, mzio wa mtu fulani katika familia, kuhama, gharama, na mwenye nyumba. La kuzingatia ni kwamba hata kuhama, sababu iliyoongoza kwa mbwa, hakukufikia sehemu moja ya kumi ya majibu yote. Sababu zimetawanyika, na mara nyingi mtu mmoja ana zaidi ya moja.

Hapo ndipo fomu inapotudanganya. Fomu nyingi zina mstari mmoja wa sababu, na mtu aliyesimama mezani na kamba ya mbwa mkononi huandika neno moja: "kuhama". Ukimpa kiti na kumsikiliza, unaambiwa kwamba mkataba wa nyumba umekwisha, kwamba nyumba aliyoimudu hairuhusu mbwa wa uzito ule, kwamba dada yake alikubali kumchukua lakini mbwa alimrukia mtoto, na kwamba mafunzo ya mbwa yanagharimu fedha ambazo zimekwisha kwenda kwenye amana ya nyumba mpya. Sababu ni ipi hapo: nyumba, tabia, au fedha? Salman na wenzake waliyarudia majibu yao mwaka 2000, wakayaweka matatizo yote ya tabia katika kundi moja badala ya kuyagawa vipande vidogo, na kundi hilo likawa la kwanza kwa mbwa na la pili kwa paka. Watu ni walewale na majibu ni yaleyale; kilichobadilika ni namna ya kuyapanga. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali linaloonyesha "sababu kuu", muulize kwanza limepangwa vipi.

Nianze na nyumba, kwa sababu ndiyo ninayoisikia zaidi na ndiyo wasiopanga nyumba huku huielewa kidogo. Mpangaji mwenye mbwa hulipa amana ya ziada, na mara nyingi hulipa pia kodi ya mnyama kila mwezi juu ya kodi ya nyumba. Matangazo mengi huweka ukomo wa uzito, na baadhi hutaja aina zisizokubaliwa, ambazo kwa kawaida ni pit bull, Rottweiler, na wakati mwingine German Shepherd. Nyuma ya mwenye nyumba yupo mwenye bima, kwani kampuni za bima nazo zimekuwa na orodha zao za mbwa zisizotaka kuwakatia bima. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2021 kuzizuia kampuni za bima ya nyumba kumkatalia mtu kwa sababu ya aina ya mbwa wake, lakini kwingi hali haijafika huko. Ubaya mwingine ni kwamba aina ya mbwa chotara hukisiwa kwa macho. Victoria Voith na wenzake walilinganisha makisio hayo na vipimo vya vinasaba mwaka 2009, wakaona kwamba mara nyingi hayakupatana. Mtu anaweza kukosa nyumba kwa sababu ya kichwa kipana cha mbwa ambaye asili yake hakuna anayeijua.

Hata serikali ya Marekani ilikwisha kuliona jambo hili. Sheria ya mwaka 1983 iliwaruhusu wazee na watu wenye ulemavu wanaoishi katika majengo ya kupanga yanayosaidiwa na serikali kuu kukaa na wanyama wao, na sheria ya mwaka 1998 ikaipanua ruhusa hiyo, kwa masharti yanayofaa, kwa wakazi wa nyumba za umma kwa ujumla. Mpangaji wa mtu binafsi, ambaye ndiye tunayemwona zaidi mezani, hana kinga hiyo. Katika msukosuko wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2008, familia zilizonyang'anywa nyumba ziliwaleta wanyama vituoni, na wengine walikutwa wamefungiwa ndani ya nyumba zilizohamwa. Mbwa walikuwa ni walewale wa mwaka uliotangulia, na waliokuwa wakiwalisha pia.

Fedha za matibabu nazo zina ukatili wake. Chukua mfano wa mtoto wa mbwa ambaye hakumaliza chanjo, akapata ugonjwa wa parvo unaoharibu utumbo. Chanjo yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kumlaza hospitalini kwa maji ya mishipani na uangalizi wa siku kadhaa kunaweza kufika maelfu ya dola, na nyingi za hospitali hizi hutaka malipo kabla. Au chukua paka dume aliyezibwa njia ya mkojo. Asipofunguliwa haraka hufa ndani ya siku chache, na kabla ya hapo mwenye paka huwa ameshalalamika kwa wiki kwamba paka "amekuwa mchafu" kwa sababu anachuchumaa kila pembe ya nyumba. Nasisitiza hili kwa wenye paka wote: paka aliyekuwa akitumia sanduku lake vizuri na ghafla akaanza kukojoa nje yake aonwe na daktari wa wanyama kabla hajaitwa mkaidi. Tumepokea paka walioandikwa "tabia mbaya" ambao walikuwa na maumivu ya kibofu.

Emily Weiss wa ASPCA na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti uliofanywa kwa simu, ambao uliwauliza watu wa kawaida majumbani mwao kama walikuwa wamemwondoa mnyama katika miaka mitano iliyotangulia. Kwanza waligundua kwamba, kati ya waliowatoa wanyama wao, asilimia 37 waliwapa ndugu au rafiki, na asilimia 36 waliwapeleka vituoni. Yaani tunaowaona mezani ni kama theluthi moja tu. Pili, waliwauliza wenye kipato cha chini ya dola 50,000 kwa mwaka ni msaada gani ungewafanya wafikirie kubaki na mnyama wao, na asilimia 40 wakataja matibabu ya bure au ya bei nafuu, asilimia 33 wakataja nyumba zinazoruhusu wanyama. Naomba tuzisome namba hizo polepole. Hao ni watu waliokwisha kuwatoa wanyama wao, na wengi wao walijua kabisa ni kitu gani kingewazuia.

Kuhusu tabia nitasema machache. Mbwa wengi walioletwa katika vile vituo 12 walikuwa kati ya miezi mitano na miaka mitatu, umri ambao mbwa ana nguvu za mtu mzima na akili ya mtoto, na asilimia 96 hawakuwa wamepata mafunzo yoyote ya utii. Gary Patronek na wenzake, waliofanya utafiti Indiana na kuuchapisha mwaka 1996, waliona kwamba mbwa aliye katika hatari zaidi ya kuletwa ni yule asiyehasiwa, asiyepelekwa kwa daktari, anayechafua ndani kila siku, na ambaye mwenyewe anasema kazi ya kumtunza imezidi alivyotarajia. Hilo la mwisho ndilo naliona zito kuliko yote. Mtu amekuja na picha kichwani ya mbwa anayelala miguuni, akapewa kiumbe anayetafuna milango akiachwa peke yake saa tisa kwa siku.

Halafu kuna mambo ya familia: kifo, talaka, ugonjwa, kupelekwa katika nyumba ya kulelea wazee. Wanaokuja baada ya kifo mara nyingi ni watoto wa marehemu, waliosafiri kutoka jimbo jingine kwa mazishi, wenye siku chache za kufunga nyumba ya mama yao na paka wawili wa umri wa miaka 14 waliojificha chini ya kitanda. Wapo pia wanawake wanaokimbia vipigo. Kwa miaka mingi makao mengi ya kuwapokea wanawake hao hayakuruhusu wanyama, na Frank Ascione na watafiti wengine walionyesha kwamba baadhi yao huchelewa kuondoka kwa kuhofia mnyama atakayebaki mikononi mwa mpigaji. Bunge la Marekani lilitenga mwaka 2018, ndani ya sheria kubwa ya kilimo, utaratibu wa ruzuku ili makao hayo yaweze kuwapokea waathirika pamoja na wanyama wao. Mwanamke kama huyo akifika mezani akaandika "matatizo binafsi", ni nani kati yetu atakayemnyooshea kidole?

DiGiacomo, Arluke na Patronek walifanya mahojiano marefu na watu waliokabidhi wanyama, wakayachapisha mwaka 1998, na walichokuta kinafanana sana na ninachokiona: watu walivumilia tatizo kwa muda mrefu, walijaribu njia nyingine, waliahirisha siku hadi siku, na kituo kilikuwa mlango wa mwisho. Tatizo ni kwamba mtu akifika mlango wa mwisho huwa amechoka, na ushauri ambao ungemfaa miezi sita kabla haumsaidii tena.

Mchangiaji, Mwanza:

Mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru kwa utulivu wako, lakini sijashawishika. Unawatetea watu wazima walioingia katika jambo hili kwa hiari yao. Hakuna aliyewalazimisha kumchukua mbwa wakiwa hawana nyumba yao. Huku kwetu mtu akinunua ng'ombe anajua majani yatatoka wapi kabla ya kumleta zizini. Isitoshe, tunasikia kwamba huko Ulaya na Marekani watu hupeana watoto wa mbwa kama zawadi za Krismasi, na ikifika Februari wamewatupa. Kama hilo si kukosa utu, ni nini? Naona ukiwapunguzia watu aibu, utawaongeza wanaotupa wanyama.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Mwanza, nakushukuru kwa kupinga waziwazi. Nakubaliana nawe kwamba mtu ajipime kabla ya kumchukua mnyama, na sheria zinaweza kumsaidia kujipima. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021 inayomtaka mtu atie sahihi hati ya kukiri kwamba anaelewa mahitaji ya mnyama, kisha asubiri siku 7 kabla ya kukabidhiwa, na tangu Januari 2024 maduka ya wanyama huko hayaruhusiwi kuuza mbwa na paka. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa inamkamata mtu wakati bado uamuzi unaweza kubadilishwa bila kiumbe yeyote kuumia.

Juu ya zawadi, hata hivyo, ushahidi unakwenda kinyume na tulivyozoea kuamini. Ule usemi maarufu wa Uingereza kwamba mbwa ni wa maisha yote, si wa Krismasi peke yake, ulianza mwaka 1978 na umefanya kazi nzuri ya kuwafikirisha watu. Lakini Patronek na wenzake, walipolinganisha mbwa walioletwa na mbwa waliobaki majumbani, hawakuona kwamba waliotolewa zawadi wako hatarini zaidi. Hatari yao ilikuwa ndogo. Inawezekana mpokeaji alikuwa akimtaka mnyama siku nyingi, au anamthamini kwa ajili ya aliyempa. Sababu yoyote iwayo, tukitumia nguvu zetu zote kupambana na zawadi za Krismasi, tutakuwa tumeacha nyumba na matibabu bila wa kuyashughulikia.

Umesema pia kwamba aibu inawazuia watu. Nakuomba ulitazame hili kutoka upande wetu wa meza. Vituo vingi hutoza ada kwa anayemkabidhi mnyama wake, na baadhi humpangia miadi ya wiki kadhaa mbele. Mtu mwenye aibu au asiye na ada hiyo husema, "Nimemwokota barabarani." Sasa mbwa huyo anaandikwa kuwa aliyepotea. Kwa sheria ya Ohio, mbwa asiyejulikana mwenyewe anayeshikwa na wilaya huwekwa siku 3 akingoja kukombolewa, na yule ambaye mwenyewe anajulikana kwa usajili huwekwa siku 14. Tunakaa tukimngojea mtu ambaye tumekwisha kuonana naye mezani, na wakati huohuo hatujui kama mbwa anaogopa watoto, kama amechanjwa, kama amewahi kuuma, wala anaitwa nani. Taarifa hizo ndizo ambazo zingemtafutia familia inayomfaa. Na mwenye aibu kali zaidi hafiki mezani kabisa, bali humfunga mbwa kwenye uzio wetu usiku au kumshusha kando ya barabara ya mashambani. Aibu, ndugu yangu, haijawahi kunipunguzia wanyama. Imenipunguzia habari zao.

Nami nikiri upande wa pili ili niwe wa haki. Wapo wanaokuja na mbwa wa tatu ndani ya muda mfupi, kila mara wakitaka mdogo zaidi. Wapo wanaomleta mbwa mzee na kuuliza hapohapo kama tuna watoto wa mbwa. Nawaonea uchungu mbwa hao kuliko ninavyoweza kueleza, na sina neno la kuwatetea wenye kufanya hivyo. Ila ni wachache, na kuwatungia utaratibu wote wachache hao ni kuwaonea waliobaki.

Kuna jambo lililofanyika Los Angeles ambalo linaonyesha ninachomaanisha. Mwaka 2013 Lori Weise na jumuiya yake ya Downtown Dog Rescue waliweka washauri kwenye kituo cha mji kilichopo Los Angeles Kusini, sehemu yenye familia nyingi za kipato kidogo. Kabla mtu hajamkabidhi mbwa, aliulizwa shida ni nini hasa na kama angependa kubaki naye endapo shida hiyo ingetatuliwa. Wengi walisema ndiyo. Msaada uliohitajika ulikuwa mambo kama kulipiwa faini, kuhasiwa kwa mbwa, dawa ya ngozi, kutengenezewa uzio, au ada ya kumkomboa mbwa aliyekamatwa. Mambo haya ni madogo kwa kituo na makubwa kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi uliokwisha tarehe 20. Tangu hapo vituo vingine vingi vimeiga utaratibu wa kuzungumza na mtu kabla ya kupokea mnyama.

Mchangiaji, Nairobi:

Asante kwa uzi huu. Hapa kwetu nadhani hali ni tofauti kidogo. KSPCA, jumuiya ya kutunza wanyama ya hapa Kenya, ipo Karen na inajulikana, lakini mtu wa Umoja au Kayole akishindwa na mbwa hafikirii kusafiri hadi huko. Ninaoona wakipelekwa kituoni ni mbwa wa wageni waliomaliza mikataba yao ya kazi, na mbwa wa ulinzi wa nyumba zilizouzwa. Je, haya nayo unayahesabu katika sababu zako?

Mleta uzi:

Nayahesabu, na umeligusa jambo la msingi. Takwimu za Marekani hutokana na nchi yenye vituo karibu kila wilaya. Pale ambapo vituo ni vichache, watu hawaachi kushindwa na wanyama. Wanashindwa nao mahali pasipo na meza wala fomu. Mbwa wa ulinzi hubaki na askari wa lango baada ya nyumba kuuzwa, na askari mwenyewe hulipwa kidogo kuliko gharama za mbwa huyo. Paka hupelekwa sokoni kwa imani kwamba atajitafutia, na watoto wa mbwa jike asiyefungwa kizazi hugawiwa kwa yeyote anayepita. Wanaoishia mitaani ndio wanaoitwa mbwa koko, ilhali baadhi yao walikuwa na majina. Na kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kinaua watu Afrika Mashariki, mbwa aliyeachwa bila chanjo ni hatari kwa watoto wa mtaa mzima.

Kwa hiyo kwetu naona mahali pa kuanzia si ujenzi wa vituo vikubwa. Kufunga kizazi kwa bei ambayo mtu wa Kayole au Mbagala anaimudu, na chanjo inayofika mtaani badala ya kumngojea mtu aje mjini, kungezuia mengi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na zipo jumuiya zinazofanya kazi hii kwa kipato kidogo Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Kwa wageni wanaoondoka nina ombi moja tu: suala la mbwa liingie katika mipango ya safari siku ile mkataba unapojulikana mwisho wake, maana kibali cha kusafiri, kipimo cha damu kinachotakiwa na baadhi ya nchi na tiketi ya mnyama huchukua miezi.

Mchangiaji, Minneapolis:

Kaka, nimesoma nikiwa na machozi. Tunahama mwisho wa mwezi ujao kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na nyumba tuliyoipata hairuhusu paka. Tunaye mmoja wa miaka sita. Nimeshauliza ndugu, wote wana sababu zao. Sitaki kumdanganya mtu wala kumtupa mnyama. Nifanye nini?

Mleta uzi:

Dada yangu, pole sana, na umefanya vizuri kuuliza ukiwa bado una wiki kadhaa mkononi.

Kwanza, mwandikie mwenye nyumba barua fupi kabla hujakubali kwamba jibu ni hapana. Mwambie paka ana umri gani, kwamba amehasiwa na kuchanjwa, ambatanisha barua ya daktari wake na ya mwenye nyumba wa sasa inayosema hakuna uharibifu, na jitolee kulipa amana. Paka mmoja mtu mzima hukubaliwa kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, hasa mwenye nyumba akiwa mtu binafsi badala ya kampuni.

Akikataa, pigia simu vituo vya eneo lako leo, na useme wazi kwamba unatafuta njia ya kutomkabidhi. Uliza kama wana familia za kumtunza paka kwa muda, kama wana ukurasa wa kumtangaza akiwa bado nyumbani kwako, na kama foleni yao ya miadi ni ya wiki ngapi. Paka anayekwenda moja kwa moja kutoka nyumba hadi nyumba huepuka woga wa kizimba, ambao hufanya paka wapole waonekane wakali. Atakayemtaka, mtembelee kwake, uliza daktari wa wanyama anayemtumia, na usione haya kumkataa.

Ikibidi umlete kituoni, uliza swali hili kabla ya kutia sahihi: paka akionekana hafai kupewa familia nyingine, mtanipigia simu kabla ya kuamua lolote? Katika majimbo mengi mnyama aliyekabidhiwa na mwenyewe hana muda wa lazima wa kungojea kama aliyepotea, kwa hiyo sahihi yako ina uzito mkubwa. Vingine hukubali kuiandika ahadi hiyo kwenye fomu. Leta kadi za chanjo, chakula alichokizoea na shuka aliyolalia isiyofuliwa. Andika ukurasa mzima juu yake: anapenda kubebwa au hapendi, anajificha wapi mgeni akija, aliwahi kukaa na mbwa au la, aliwahi kumparura nani na kwa nini. Usifiche kasoro kwa kuhofia atakataliwa, kwa sababu familia itakayoigundua ndani ya wiki ya kwanza itamrudisha.

Na kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, atakayemchukua abadilishe jina na namba ya simu kwenye kumbukumbu za kampuni ya chipu hiyo siku hiyohiyo. Wewe pia uwapigie kuhakikisha limefanyika, kwa sababu paka huyo akipotea miaka miwili ijayo, simu itakayoita ni ile iliyoandikwa huko.